Kibubu cha Njiwa

Kunguru walikuja saa kumi na moja na nusu jioni, siku ya mwisho ya mfungo wa Ramadhani, Mei 2021. Nilikuwa uani nimekalia mbuzi, nakuna nazi ya futari, nikasikia mbawa zinapiga bati kwa fujo. Njiwa akiruka kwa hiari yake hupiga makofi mawili matatu, kisha kimya. Haya yalikuwa hayakomi.

Nilipoinua macho, kunguru wawili walikuwa wameshatua juu ya banda na wa tatu ameingiza kichwa ndani ya debe. Mle debeni mlikuwa na makinda mawili ya siku sita, na aliyeyalalia alikuwa Bafta.

Bafta alikuwa jike jeupe pepe. Mumewe, mweusi tii, tulimwita Kaniki. Majina hayo aliyatoa mke wangu, ambaye ni mtoto wa fundi cherehani wa hapa hapa Ngamiani, Tanga, na kwake kila rangi ina kitambaa chake. Walikuwa wametimiza miaka saba katika banda aliloliacha marehemu babu: madebe ya mafuta ya taa yaliyokatwa midomo, yamepangwa ghorofa tatu juu ya boriti za mikoko. Babu alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge umri wake wote, na aliporudi mjini alirudi na njiwa. Aliamini, kama wazee wengi wa pwani, kwamba njiwa huihama nyumba yenye ugomvi, na nadhani alikuwa akiwahesabu kila asubuhi ili ajue hali ya nyumba yake.

Kunguru hawa wa shingo ya kijivu si wa kwetu. Waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka za mji, wakazaliana, wakavuka bahari, na leo hakuna mji wa pwani usiolalamika. Hula mayai, hula vifaranga, hula makinda. Nilikuwa nalijua hilo tangu utotoni. Nilikuwa nimeshawafukuza kwa manati mara elfu. Na katika miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza nitafanya nini siku moja wakiniwahi.

Nilirusha kibao cha mbuzi. Wakaondoka, lakini Bafta alikuwa ameshaburutwa hadi mdomo wa debe. Bawa la kushoto lilikuwa linaning'inia, na chini yake, pale manyoya yanapokuwa laini kama pamba, palikuwa pamechanika. Nilimshika kwa mikono miwili, nikakandamiza kitambaa. Moyo wake haukuwa unapiga, ulikuwa unatetemeka. Damu ikakoma baada ya dakika chache, nikadhani tumepona.

Nikachukua baiskeli. Mwenye kuijua Tanga anajua usiku wa kuamkia Idi unavyokuwa. Ngamiani nzima ilikuwa macho: watoto wanapimwa viatu, wauza kanzu wamemwaga mali barabarani, kinamama wamepanga foleni kupaka hina. Usiku ule ungeweza kununua chochote katika mji huu, isipokuwa nilichokuwa nakitafuta. Duka la kwanza la dawa za mifugo lilikuwa limefungwa. La pili limefungwa. La tatu nilimkuta kijana aliyelala nje akilinda, akaniambia mwenyewe amekwenda Lushoto kwa wazee wake hadi Jumatatu. Bwana mifugo wa kata yetu nilikuwa namjua kwa sura, tukisalimiana njiani miaka mitano, lakini namba yake ya simu sikuwa nayo, wala nyumba yake sikuwa naijua. Niliuliza watu saba. Wa saba alinipa namba ambayo haikuwa inapatikana.

Nilirudi saa mbili na nusu. Uani kulikuwa na majirani, kila mtu na ushauri wake, na kila ushauri ulitoka kwenye moyo safi. Mmoja alisema apakwe majivu. Mwingine alileta kipande cha shubiri. Bibi mmoja wa nyumba ya tatu, aliyenilea mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo, akasema, "Mwanangu, huyo kaishiwa nguvu, mpe maji ya sukari." Nikayakoroga. Nikampanua Bafta mdomo kwa kucha, nikamimina kijiko.

Akakohoa. Ndege hakohoi kama mtu. Ilikuwa sauti ndogo ya kububujika, kama ya mrija unapofika mwisho wa kinywaji. Nikamimina cha pili kwa sababu niliona cha kwanza hakikwenda vizuri. Takbira zilipoanza msikitini alikuwa kifuani kwangu ndani ya kanga, mdomo wazi, mkia unapanda na kushuka kwa kila pumzi. Kabla ya saa sita za usiku mkia uliacha kushuka.

Siku nne baada ya Idi nilimpata bwana mifugo ofisini kwa mtendaji wa kata. Ni kijana ambaye ningetosha kumzaa. Alisimama, akasema, "Shikamoo, Mwalimu," akanipa kiti chake yeye, akabaki ameegemea dirisha. Nilimweleza yote. Aliniacha nikamaliza, ndipo akauliza swali moja tu.

"Maji ulimpa vipi?"

Nikamwonyesha kwa mkono.

Alinyamaza kidogo. Kisha akaeleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mzazi wake jambo zito, kwamba tundu la hewa la ndege liko pale pale nyuma ya ulimi, wazi, na ndege aliyezidiwa hawezi kulifunga kwa wakati. Ukimmiminia maji mdomoni unayapeleka mapafuni. Njiwa hata akiwa mzima hanywi kama kuku, haokoti tone na kuinua kichwa. Hutumbukiza mdomo na kufyonza. Kama ana nguvu ya kunywa, mpelekee kibakuli, mguse ncha ya mdomo tu kwenye maji, naye atafyonza. Kama hana nguvu hiyo, asipewe kitu mdomoni mpaka apate joto.

"Bawa ningeweza kulifunga," alisema. "Kidonda kingeshonwa, au kingeachwa kifunge chenyewe. Mwalimu, samahani kwa kusema hivi. Lakini tumesalimiana njiani miaka mitano, na leo ndiyo mara ya kwanza kuniambia kwamba unafuga."

Maneno hayo niliondoka nayo, na ninayo mpaka sasa. Hayakuwa lawama. Ndugu yangu mwenye ng'ombe wawili wa maziwa kule Pongwe ana namba tatu za simu zilizoandikwa kwa chaki kwenye mlango wa banda: ya mpandishaji, ya bwana mifugo na ya daktari. Ana daftari la chanjo. Ana akiba ya fedha ya ng'ombe ambayo hata mkewe haigusi. Mimi nilikuwa na njiwa kumi na nane na sikuwa na kitu. Sababu yake naijua. Ng'ombe ni mali, na mali huwekewa ulinzi. Njiwa alikuja bure, akazaliana bure, analishwa mtama wa kuokoteza, kwa hiyo ugonjwa wake haujawahi kuwa na fungu katika nyumba yoyote niliyoijua. Tunampenda, tunampa jina, tunamwonyesha mgeni. Lakini siku akiumia tunaanza safari ya kumtafuta mganga wake tukiwa tumeshamshika mkononi.

Tena Tanga ina shida yake ya pekee. Huu ni mji wa maziwa. Kuanzia miaka ya 1980, mradi wa wafugaji wadogo ulioungwa mkono na Waholanzi uliifanya wilaya baada ya wilaya ifuge ng'ombe wa kisasa, na wataalamu wetu wamekua humo. Nje kidogo ya mji, Buhuri, kuna kampasi ya Wakala wa Mafunzo ya Mifugo inayofundisha vijana kazi hiyo. Hawa ni watu wanaoweza kumzalisha ng'ombe gizani kwa kupapasa. Lakini yule bwana mifugo aliniambia waziwazi: "Mimi ni mtu wa ng'ombe na mbuzi. Ndege nimesoma kuku, na kuku nimewasoma wakiwa mia tano pamoja. Ndege mmoja wa gramu mia tatu ni elimu nyingine." Nilimheshimu zaidi kwa kukiri hivyo. Alinipa namba ya daktari mmoja aliyesomea Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ambaye anapokea ndege, akaniambia nimpigie siku hiyo hiyo, nikiwa sina mgonjwa, nimuulize mambo manne: anatibu njiwa au kuku tu, usiku anapokea simu, anakuja au unamfuata, na anapokuwa safarini anamwachia nani.

Nilipiga simu. Kumbe anatibu njiwa, usiku hupokea ukimtumia ujumbe kwanza, haji bali unamfuata, na akisafiri humwachia mwenzake wa Muheza. Majibu hayo yalichukua dakika tatu. Dakika tatu hizo ningezipata siku yoyote katika miaka saba ya Bafta.

Nimejifunza pia kutofautisha watu. Sheria ya Veterinari ya 2003 iliunda Baraza la Veterinari, nalo ndilo linalosajili madaktari wa mifugo na kuwaorodhesha wasaidizi wao. Daktari ni mwenye shahada. Bwana au bibi mifugo ana cheti au stashahada, anachanja, anatibu mambo ya kila siku, lakini si kila dawa iko mkononi mwake. Muuza duka la dawa anaweza kuwa mmoja wao, au anaweza kuwa shemeji tu anayekaa dukani. Wengi wetu huingia tukasema "njiwa wangu hajisikii," tukapewa pakiti ya oksitetrasaiklini, ileile anayopewa mwenye kuku, bata na sungura. Ugonjwa ukiwa wa virusi, umenunua unga tu.

Somo la kijiko nalo silisahau. Siku nyingine bwana mifugo alipita nyumbani, tukiwa kwenye chai, akachukua kijiko. "Damu ya ndege ni kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake," alisema. "Njiwa wako wa gramu mia tatu ana vijiko vya chai sita hivi, mwili mzima." Akakijaza maji hadi nusu. "Hii anaweza kuipoteza akaishi. Zaidi ya hapo mhesabu kuwa mgonjwa mahututi, hata kama anakutazama na macho makavu." Akayamwaga yale maji sakafuni, tukaangalia doa lilivyokuwa dogo. Usiku wa Idi kitambaa changu kilikuwa kimelowa zaidi ya vile.

Na ndege hukutazama na macho makavu kweli. Porini anayeonyesha unyonge ndiye anayechaguliwa na kipanga, kwa hiyo huficha ugonjwa mpaka nguvu za kuficha zimwishie. Unapomwona amejitunisha manyoya, amekaa pembeni, hali, ujue ameshaumwa siku kadhaa. Kwa hiyo mpango wa dharura unaanza na kujua mapema, na chombo cha kujua mapema ni mizani. Nilimwomba mwenye duka wa mtaani kwetu, anayepima sukari na maharage kwa mizani ya betri, aniruhusu kila Ijumaa asubuhi kabla wateja hawajajaa. Naweka kijikapu, nasawazisha sifuri, naweka njiwa ndani ya soksi kuukuu iliyokatwa ncha, kichwa nje, naye hutulia kama mtoto wa mbeleko. Kaniki: gramu 345. Mtoto wake wa kwanza: 320. Naandika kwenye daftari. Ndege akipungua sehemu moja ya kumi ya uzito wake, sisubiri dalili nyingine.

Kisha kuna boksi. Liko ukutani, juu ya msumari, karibu na mlango wa jikoni: boksi la kadibodi lenye matundu ubavuni, kitambaa kisicho na nyuzi za kunasa kucha, bandeji, chumvi, unga laini wa wanga wa kuzuia damu ya ukucha uliovunjika, chupa ya plastiki ya nusu lita. Chupa hiyo ndiyo dawa ya kwanza. Mwili wa njiwa una joto la nyuzi 41 hivi, na mgonjwa huunguza nguvu zake zote kujaribu kulishika joto hilo. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kanga, ikawekwa upande mmoja wa boksi ili ndege asogee akitaka na aondoke akitaka, giza, na kimya. Watoto wasifunuefunue. Sitegemei balbu, kwa sababu masika ndiyo umeme hukatika na masika ndiyo njiwa huumwa.

Wala sitii jiko la mkaa chumbani alimo. Hili nalisisitiza kwa sababu upendo ndio unaotuponza: tunamwona ndege anatetemeka, tunamsogezea jiko. Mapafu ya ndege yameungana na vifuko vya hewa vilivyoenea mwilini, na hewa safi hupita anapovuta na anapotoa pumzi, hivyo sumu ya moshi humwingia kwa kasi kuliko sisi. Kwa sababu hiyo, kwa ushauri wa mwanasayansi John Scott Haldane, wachimba makaa wa Uingereza walishuka migodini na chiriku ndani ya kizimba, na desturi hiyo ilidumu mpaka 1986. Chiriku alianguka kwanza, watu wakapata muda wa kukimbia. Chumba cha Ngamiani chenye dirisha limefungwa na jiko linalofuka ni mgodi mdogo.

Fedha huwekwa kwenye kibubu. Ni cha udongo. Kila Ijumaa, baada ya mizani, kila njiwa analipiwa shilingi mia. Wajukuu ndio wanaotumbukiza, na wanagombania zamu. Nauli ya bajaji usiku, ada ya daktari, dawa, vyote vinatoka humo, na nikikivunja nanunua kingine siku ileile. Kabla ya kibubu, kila ndege aliyeumwa alishindana na unga na ada ya shule, na mashindano hayo ndege hashindi, wala si haki ashinde. Sasa hashindani na mtu.

Kuna jambo jingine, nalo ni gumu kidogo. Mwaka uliofuata kijana mmoja alinigongea usiku akiwa na kizimba amekifunika fulana. Ndani mlikuwa na cherero jike, mmoja wa wale kasuku wadogo wa kijani wenye uso mwekundu. Asili yao ni bara, Serengeti na kusini mwa Ziwa Viktoria, lakini waliponyoka mikononi mwa wafanyabiashara wa ndege na sasa wako mijini pwani, Tanga ikiwamo. Yai lilikuwa limemkwama. Ndege alikuwa amekaa sakafuni mwa kizimba siku mbili, anasukuma. Nikamwambia tumpigie daktari, kijana akanishika mkono. Hakuwa na kibali. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haimruhusu mtu kumweka ndege wa porini nyumbani bila kibali, na aliogopa kuulizwa. Nilimweka yule cherero kwenye joto na kitambaa cha unyevunyevu, nikapiga simu hata hivyo, lakini siku mbili za woga zilikuwa nyingi mno. Alfajiri alikufa.

Sikumficha yule kijana ninavyofikiri. Nilimwambia kwamba kama huwezi kumpeleka ndege kwa daktari mchana kweupe, bado hujawa tayari kumfuga. Ama nenda Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori uulize njia halali, ama fuga njiwa, ambaye hana kesi. Alikasirika. Baadaye alikuja kuchukua jozi ya makinda, na namba za simu nilimwandikia kabla ya kumpa ndege.

Mdogo wangu anayeishi Maskati ndiye aliyenipa wazo la daftari. Aliwahi kumsindikiza bosi wake kwenda Abu Dhabi, kwenye hospitali ya vipanga iliyofunguliwa 1999. Alinipigia akiwa kwenye chumba cha kungojea, sauti imejaa mshangao. Vipanga wamekaa kwenye viegemeo kwa mstari, kila mmoja amevikwa kofia ya ngozi, wanangoja zamu kama wagonjwa wa hospitali yetu ya Bombo. Ndege wanaovuka mipaka wana pasipoti yenye namba ya pete ya mguuni. Kuna akiba ya manyoya yaliyodondoka, yamepangwa kwa aina, ili kipanga aliyevunjika unyoya wa bawa apandikiziwe mwingine unaofanana. Nilimsikiliza nikafikiri juu ya utajiri, nikaona huo hauko kwetu. Lakini mtu anayetunza unyoya uliodondoka leo kwa ajili ya bawa litakalovunjika mwakani, huyo hajatumia fedha. Ametumia kumbukumbu. Daftari la shule kurasa 48 ningeweza.

Sasa nimalizie habari ya Kaniki.

Bafta alipokufa aliwaacha makinda wa siku sita, nami nikajua nao wamekufa. Sikujua kwamba kwa njiwa dume naye hutoa yale maziwa mazito ya kooni. Kaniki aliingia kwenye debe asubuhi ya Idi, akawalisha. Aliwalalia usiku, akawalisha mchana, mpaka wote wawili wakaota manyoya wakaruka. Hakuchukua jike mwingine mpaka mwaka ulipogeuka.

Masika ya 2023, Ijumaa moja, mizani ikasoma 331. Niliandika. Sikupenda. Jumapili nikampima tena bila kungoja Ijumaa: 309. Zaidi ya sehemu moja ya kumi ya zile 345, na kwa macho alikuwa mzima kabisa, isipokuwa alikuwa anakunywa mno na kinyesi chake kilikuwa maji yenye ukijani. Nikamtoa bandani saa ileile, nikamweka chumba cha stoo peke yake. Nikatuma ujumbe kwanza, kama tulivyokubaliana, kisha nikapiga. Daktari akapokea. Aliniuliza uzito wa wiki nne zilizopita, nikamsomea kutoka kwenye daftari. Akaniambia nimlete asubuhi ndani ya boksi, na wenzake wasitoke bandani.

Jumatatu shingo ilikuwa imeanza kupinda. Daktari alimgeuzageuza, akasema dalili zote ni za kideri cha njiwa, ugonjwa wa ukoo mmoja na ule mdondo unaofagia kuku vijijini. Dawa ya kuua virusi hivyo hakuna. Wengi wakiona shingo imegeuka juu chini humchinja ndege, au humwacha afe kwa njaa kwa sababu akidonoa punje anadonoa hewa. Lakini njiwa, tofauti na kuku, akilishwa na kutiwa joto mara nyingi hupona. "Una muda?" aliniuliza. "Ni wiki kadhaa." Nikamwambia nimestaafu.

Pia aliniambia la kufanya kama atakufa Kaniki au mwingine: nisimzike wala nisimtie kwenye friza, nimfunge kwenye mifuko miwili, nimweke juu ya barafu, tumpeleke maabara, ili walio hai wajulikane wanakabiliwa na nini. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba hata kifo kinaweza kuandaliwa. Na kuku wa majirani, ambao hushinda chini ya banda langu wakiokota mtama, walichanjwa wiki ileile kwa matone ya jicho, ile chanjo inayostahimili joto inayotengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari. Chupa moja ina dozi za kutosha mtaa, kwa hiyo tulichangishana nyumba kumi na moja. Sasa tunarudia kila baada ya miezi mitatu, na yule bibi wa nyumba ya tatu ndiye mweka hazina. Chanjo hiyo ni ya kuku. Ya njiwa nimemwachia daktari aamue.

Nilimlisha Kaniki kwa mkono siku thelathini na nane. Choroko zilizolowekwa usiku, laini, moja moja, nampanulia mdomo kwa kidole gumba na kuiweka nyuma ya ulimi, nyuma kabisa, ng'ambo ya lile tundu. Asubuhi, na tena jioni. Maji sikummiminia. Nilishika kibakuli, nikamtegemeza kichwa kilichogeuka kwa vidole viwili, nikaigusisha ncha ya mdomo, nikangoja. Siku ya kwanza nilingoja mpaka mkono ukafa ganzi. Kisha nikaona maji kwenye kibakuli yanatikisika, mviringo mmoja mdogo, halafu mwingine. Alikuwa anafyonza.

Ijumaa hii amesoma 338. Shingo haikurudi yote. Akishtuka hugeuza kichwa upande kama anayesikiliza nyuma ya mlango, na akitua hukosea bati mara moja kabla ya kulipata. Boksi liko juu ya msumari wake. Juzi nililishusha kubadilisha kitambaa, nikageuka kuchukua kingine kwenye kamba, na niliporudi Kaniki alikuwa ameingia ndani mwenyewe, amekaa upande ule wa chupa.

Nikachemsha maji.